Zinki ya Mnazi

Wanaosema akiba haiozi hawajawahi kuweka msumari Aontana. Kisiwa chetu ni chembamba, ukisimama katikati unasikia bahari ya nje kwa sikio moja na maji ya ndani kwa sikio la pili, na upepo wa chumvi unaingia huku ukitokea kule bila kuaga. Baiskeli ikishushwa melini Krismasi, ikifika Pasaka kengele yake imeshakuwa bubu. Kitasa cha kanisa tumebadilisha mara nne. Mabati yetu hayazeeki, yanakufa vijana. Ndiyo maana hapa fundi wa vyuma anaheshimiwa kuliko mwalimu, na kwa miaka thelathini fundi wetu alikuwa mtu mmoja, Boutu, mzee mfupi mwenye mikono mipana na sauti nzuri.

Sauti yake tuliijua sote, maana kila alfajiri na kila jioni alipanda minazi yake kugema tembo, na mgemaji wa kwetu huimba akiwa juu. Wengine huimba vibaya. Boutu alipoanza, wanawake walipunguza moto wamsikilize.

Basi mwaka huo, kati ya Februari na Aprili, Boutu aligema kimya. Watu walidhani ni kifua. Haikuwa kifua. Kuna kijana aliyekuwa karibu kufutiwa jina lake mbele ya kijiji kizima kwa kosa ambalo hakulifanya, na mwenye kosa ndiye aliyekuwa juu ya mnazi, amefunga mdomo.

Ufundi Boutu aliupata melini. Akiwa na miaka ishirini na mbili alikwenda kufanya kazi kwenye meli za Wajerumani, kama vijana wengi wa visiwa vyetu, na huko chini ya sitaha, penye joto na kelele, alikutana na fundi mkuu mmoja mnene, Harms, aliyependa kufundisha kuliko kula, na kula alipenda sana.

"Chuma kimetoka wapi?" Harms alimuuliza siku moja wakiwa wanakwangua kutu.

"Dukani," alisema Boutu.

"Dukani! Kimetoka kwenye udongo mwekundu, wewe. Huko ardhini kilikuwa kimeshikana na hewa, kimetulia zake. Sisi tukakipiga moto mpaka tukawaachanisha. Toka siku hiyo hakina raha, kinatafuta njia ya kurudi. Hewa ipo kila mahali. Ukikipa na maji, umekipa njia. Na ukitia chumvi kwenye maji, njia umeipanua, umeweka lami kabisa."

Kutu, alisema Harms, ni chuma kilichofika nyumbani. Alumini nayo hushikana na hewa, tena haraka zaidi, ila yenyewe hujitengenezea ngozi nyembamba inayoikinga, wakati kutu ya chuma hubanduka na kuacha kidonda wazi. Lakini somo ambalo Boutu alilishika kuliko yote lilikuwa lile la metali mbili kugusana ndani ya maji ya bahari. Hapo, alisema Harms, mmoja humla mwenzake. Yule mnyonge hujitoa chembe kwa chembe na mwenye nguvu hubaki salama. Shaba ina nguvu, alumini ni mnyonge wake, na mnyonge kuliko hao wote ni zinki. Kwa hiyo mabaharia hufunga bonge la zinki chini ya chombo, ili bahari ikitaka kula ile hiyo kwanza. Zinki ikiisha, unafunga nyingine. Ukisahau, bahari inakwenda kwa anayefuata.

Boutu alirudi nyumbani na somo hilo, sanduku la spana, na goti bovu. Akamuoa Nei Meere, Nei kwetu likiwa neno la heshima kwa mwanamke, akajenga karakana ya miti ya mkadi, akawa fundi wetu.

Serikali ilipotuletea boti ya alumini ya kuvushia wagonjwa hadi zahanati ya ng'ambo ya maji ya ndani, wazee walimkabidhi Boutu matengenezo. Nahodha alichaguliwa Ruateki, mtoto wa mjane Nei Akoia, kijana wa miaka ishirini na sita, mpole, ambaye Boutu mwenyewe alimfundisha injini. Boti ilikuja na zinki mbili, moja imefungwa nyuma chini ya maji, ya pili ya akiba. Mwaka wa kwanza kizibo cha kutolea maji kilipotea, na Boutu akatengeneza kingine cha shaba kutoka kwenye bomba la meli mbovu. Alijua shaba na alumini hazipatani. Lakini zinki ipo, alijiambia, italipa yenyewe. Na kweli ilikuwa ikilipa.

Kisha akaja shemeji yake.

Tekaai, kaka wa Nei Meere, ni mvuvi hodari na mtu wa kucheka. Alifika karakana asubuhi moja na samaki watatu kwenye kamba, akawatundika, akakaa juu ya ndoo.

"Shemeji, nina bubuti kwako."

Nisipolieleza neno hilo mtamuona Boutu mjinga, na hakuwa mjinga. Kwetu ndugu akikuomba jambo kwa bubuti, hukatai. Akitaka shati lililo mgongoni mwako unalivua, tena unamsaidia vifungo. Na ukishatoa husemi tena, hulalamiki, hukumbushii. Mtu anayekataa bubuti watoto wake wataambiwa habari hiyo mpaka wajukuu. Na kesho wewe ndiye utakayehitaji.

"Sema, shemeji."

"Lile dubwana la kijivu kwenye rafu. Zito lile. Nyavu yangu imenyang'anywa chubwi zote na miamba, inaelea kama nguo ya sikukuu. Nikiliyeyusha hilo napata chubwi thelathini."

"Hiyo ni zinki ya boti."

"Boti si inayo yake? Nimeiona. Tena inaoza, maskini, imekuwa kama jino la bibi. Sasa kitu chenyewe kinaoza hivyo kina faida gani?"

Boutu alifungua mdomo. Angeweza kueleza habari ya mnyonge na mwenye nguvu. Lakini kueleza ni nusu ya kukataa, na Tekaai alikuwa ameshanyoosha mikono yote miwili, akitabasamu. Boutu akaishusha rafuni, akampa.

"Uwe na siku njema, shemeji," alisema, na samaki wale walikuwa watamu.

Miezi minane baadaye alizama kuikagua boti akakuta bolti mbili tupu. Zinki yote ilikuwa imeliwa. Ilitakiwa aende kwa Mzee Kirata, mkuu wa wazee, aseme iandikwe barua Tarawa, makao makuu, iletwe nyingine. Mzee Kirata angeuliza, na ile ya akiba? Hapo ndipo pagumu. Aseme aliigawa mali ya kijiji? Amtaje shemeji yake, aanike bubuti kama nguo chafu? Boutu alichukua kipande cha gogo la mnazi, akakichonga kwa umbo la zinki, akakipaka rangi ya kijivu mara mbili, akakifunga mahali pake kwa bolti zilezile. Ni kwa muda tu, alijiambia, mpaka meli ijayo nitafute namna. Meli ikaja. Akasema ijayo. Meli tatu zikaja, zikaenda. Na kila wazee walipokuja kukagua, waliona bonge la kijivu, wakaridhika. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata alikuwa yeye peke yake.

Mwezi Februari, adhuhuri, bahari imelala, Ruateki akiwa anarudi kutoka zahanati na watu wanane, maji yaliwafika miguuni, kisha magotini. Injini ikazama ikiwaka. Wote waliogelea hadi kwenye fungu la mchanga, wakasimama maji yakiwa kifuani saa tatu nzima mpaka ngalawa zikawaona. Hakufa mtu, Mungu ashukuriwe. Lakini dada yake Mzee Kirata, bibi wa miaka sabini aliyekuwa abiria, alikohoa mwezi mzima, na kila kikohozi chake kilisikika kwa kaka yake.

Boti ilipovutwa ufukweni kijiji kizima kilikuwepo. Pembeni mwa kizibo kulikuwa na tundu unaloweza kupitisha ngumi. Boutu alipiga magoti mbele ya wengine, akaona mara moja. Alumini iliyogonga mwamba hujikunja kwa ndani, hung'aa penye jeraha. Hii ilikuwa imeliwa, imekuwa nyembamba kama biskuti, na kuzunguka shaba yote kulikuwa na unga mweupe. Unga ule ulikuwa shahidi, na pale ufukweni alikuwepo mtu mmoja tu anayejua kuusoma. Boutu akavua shati lake, akaupangusa.

"Fundi," alisema Mzee Kirata, "tuambie. Ni nini?"

"Mimi sikugonga kitu," alisema Ruateki. Alikuwa bado amelowa. "Haki ya Mungu sikusikia hata mkwaruzo. Waulizeni hawa."

"Sijakuuliza wewe. Fundi?"

Boutu aliitazama boti. Angesema sasa, yangeisha sasa.

"Miamba ya pale ni mikali," alisema.

Hakusema Ruateki aligonga. Alijishika kwenye uzi huo siku nyingi, kwamba neno hilo hakulisema. Lakini wazee waliligeuza likawa kosa la kijana papo hapo, na jioni ile Boutu alirudi kuifungua ile zinki ya mnazi kwenye boti, akaitia mfukoni. Alitaka kuichoma. Aliiweka jikoni kando ya moto, akaitoa. Tangu hapo ilihama kutoka mfuko wa suruali hii hadi wa ile.

Ruateki alinyang'anywa unahodha. Vijana wakambandika jina la Tafuta-Mwamba. Akipita na ngalawa wanamwelekeza: "Kushoto kuna mwamba, Kapteni, usiukose!" Hayo angeyavumilia. Lililokuwa zito ni barua. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya vijana wanaokwenda Australia kuchuma matunda, na kila jina lazima liwe na barua ya wazee kwamba huyu ni mtu wa kuaminika. Mjane Nei Akoia alikuwa amesubiri nafasi hiyo miaka mitatu, nyumba yake inavuja. Wazee walitangaza kwamba Ijumaa ya pili ya Aprili watakaa kwenye maneaba, nyumba yetu kubwa ya mikutano, waamue kama jina la Ruateki litabaki au litafutwa. Na kila mtu alijua litafutwa. Nani amwandikie barua mtu aliyezamisha boti ya wagonjwa katika bahari tulivu?

Siku kumi kabla ya hapo Ruateki alikuja karakana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mzee, hebu nikumbushe lile somo la ufunguo."

Boutu alimfundisha zamani, kwa kikombe cha maji ya bahari, ufunguo wa shaba na karatasi ya alumini ya kufungia chakula. Waliuacha ufunguo umelala juu ya karatasi ile majini kwa siku nyingi, na karatasi ikatoboka pale ulipolala.

"Nimekuwa nikiwaza," alisema Ruateki. "Labda ni kile kizibo. Labda boti ililiwa."

Mikono ya Boutu ilisimama juu ya nati aliyokuwa akiifungua.

"Lakini nikajijibu mwenyewe," kijana akaendelea. "Zinki ilikuwepo. Niliipapasa kwa mkono wiki ileile. Nzima, haijapungua hata ukucha, nikafurahi, nikasema mzee anatutunza. Kama zinki ilikuwepo, basi haikuliwa. Si ndivyo?"

Zinki isiyopungua haifanyi kazi. Boutu aliwahi kumwambia hivyo, kwa maneno hayohayo, akiwa amekaa kwenye ndoo hiyohiyo. Kijana alikuwa amesahau nusu ya somo, na nusu hiyo ndiyo ingemwokoa.

"Ndivyo," alisema Boutu.

Ruateki alitikisa kichwa polepole. "Basi niligonga. Sikusikia, lakini niligonga. Usiku nikilala nasikia kabisa mwamba unakwaruza. Mwanzo sikuwa nausikia, mzee. Sasa nausikia. Ndiyo nimeamua niwaombe wazee radhi, yaishe." Akasimama. "Mama kakuletea shelisheli la kuchoma. Anasema wewe peke yako hukunicheka."

Boutu alilila lile shelisheli. Angelitupa, mke angeuliza. Kila tonge aliliteremsha kwa maji, na machozi yakamtoka akasema ni moshi. Kumsingizia mtu ni jambo moja. Kumfanya mtu aamini mwenyewe, mpaka asikie kelele ambayo haikuwepo, hilo Boutu hakujua kama lina jina. Alijichukia, na alijichukia zaidi kwa sababu aliendelea kunyamaza, siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Kikulacho ki nguoni mwako, na chake kilikuwa mfukoni hasa, kinamgonga paja kila hatua.

Aliyekigundua ni Nei Meere, siku ya kufua.

"Hiki nini?"

"Kipande cha mti."

"Nina macho. Kimepakwa rangi ya boti. Boutu, huimbi toka boti izame. Shati ulilorudi nalo siku ile lilikuwa na unga ambao sabuni ilikataa kuutoa. Miaka thelathini na moja nafua nguo zako, uchafu wote wa mwili wako naujua kwa jina. Huu siujui. Kaa chini useme."

Akakaa, akasema. Yote, na bubuti ya Tekaai pia. Nei Meere alisikiliza huku akikamua nguo, na jinsi alivyokuwa akizikamua Boutu alishukuru kuwa shingo yake haimo.

"Ukimtaja kaka yangu kwenye maneaba," alisema mwishowe, "utalala kwenye karakana mpaka ushike kutu. Aliomba kama watu wanavyoomba. Hakujua."

"Sitamtaja."

"Na usipomsafisha yule mtoto, utalala hukohuko."

"Sasa nitasemaje zinki ilikwenda wapi?"

"Mimi nijuaje? Uongo ulikuwa wako, na njia ya kutoka itafute mwenyewe." Akakianika kile kipande cha mti kwenye kamba pamoja na soksi. "Kama si aibu ya nyumba hii ningekupiga nacho."

Ijumaa ilifika. Maneaba ilijaa, kila ukoo kwenye nafasi yake, mikeka imetandikwa, watoto nje chini ya ukingo wa paa. Boutu alikaa mahali alipokuwa akikaa baba yake, nguzo ya tatu upande wa kusini. Tekaai alikuwa upande wa pili, na Nei Akoia nyuma ya mwanawe, amevaa nguo yake ya kanisani kama mtu anayekwenda maziko.

Ruateki aliitwa kwanza. Akainamisha kichwa. "Wazee wangu, niligonga mwamba. Nilisema sikugonga, nilikosea. Naomba mnisamehe, na boti mnisamehe."

Minong'ono ikapita, ya kuridhika. Mzee Kirata alivuta daftari lenye orodha.

"Subirini," alisema Boutu.

Alikuwa amejiandalia maneno mazuri, mafupi, ya kiume. Yote yakampotea. Akatoa kile kipande mfukoni, akakisukuma mbele ya mkeka wake mahali ambapo kila mtu angekiona.

"Huyu mtoto hakugonga kitu. Anasema uongo bila kujua. Uongo ni wangu. Boti ililiwa na kizibo cha shaba nilichokifunga mimi, kwa sababu zinki ilikwisha na sikufunga nyingine. Hiki ndicho nilichofunga. Ni mnazi."

Mzee Kirata alikichukua, akakikwangua kwa ukucha. Rangi ikabanduka, nyuzi za mnazi zikaonekana. Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa.

"Wazee walikagua hiki?"

"Mlikagua hiki."

"Na tulipokuuliza ufukweni?"

"Nilipangusa ushahidi kwa shati langu. Nilijua kabla hujafunga mdomo." Sauti ile nzuri ilikuwa imepasuka. "Kazi ya zinki ni kuliwa ili chombo kipone. Mimi sikuwa na zinki, basi nikamweka Ruateki aliwe, nipone mimi. Miezi miwili namtazama akipungua. Juzijuzi alikuja kwangu akaniambia anausikia mwamba. Hakuna mwamba! Nisameheni. Hapana, msinisamehe, yeye msimfute tu."

Kisha Mzee Kirata akauliza swali lile lile ambalo Boutu alikuwa akilikimbia tangu mwanzo. "Boti ilikuja na zinki ya akiba. Iko wapi?"

"Niliitoa."

"Ulimpa nani?"

"Niliitoa kwa mkono wangu, mzee."

Maneaba nzima ilielewa. Ni bubuti, na kitu cha bubuti hakifuatwi. Upande wa pili Tekaai alikuwa akiangalia makuti ya paa kwa bidii kana kwamba ameajiriwa kuyahesabu. Boutu hakumtazama.

Aliyesema ni Nei Akoia, bila kuomba nafasi. "Shelisheli langu ulikula?"

"Nilikula, dada."

"Ulikula." Akajifunika uso kwa kanga ya begani, na hakusema lingine siku hiyo. Boutu angependa matusi.

Wazee waliamua palepale. Jina la Ruateki libaki, na barua iandikwe na isomwe kwa sauti. Boutu ataitengeneza boti kwa mikono yake, ataleta nguruwe wawili na magimbi ya shimo lake, maana kwetu hulimwa mashimoni, kulisha maneaba. Kisha Mzee Kirata akamgeukia kijana.

"Umedhulumiwa wewe. Una neno?"

Uso wa Ruateki haukuwa na furaha tuliyoitegemea. Alikuwa kama mtu aliyeamshwa ghafla.

"Nina bubuti kwa mzee Boutu," alisema.

Watu walivuta pumzi. Mbele ya kijiji, kwa mtu anayemdai kiasi hicho, angeweza kuomba chochote na angepewa: ngalawa, karakana, sanduku la spana, hata shimo la magimbi. Nei Meere alifumba macho.

"Omba, mwanangu," alisema Boutu. Na moyoni alitamani iwe ngalawa. Ngalawa angeitoa akalala usingizi.

"Siku ukiombwa tena kitu cha boti," alisema Ruateki, "ukatae."

Hakuna aliyewahi kusikia bubuti ya namna hiyo. Wazee waliangaliana. Mmoja akasema haiwezekani, mwingine akasema mbona imeshaombwa. Mzee Kirata alikuna ndevu zake mwishowe akasema: "Imesikika." Boutu akaitikia kwa kichwa, maana angefanya nini? Bubuti haikataliwi.

Ruateki alipanda ndege mwezi wa Mei. Kwenye uwanja alimpa Boutu mkono, akauachia mapema. Hatumlaumu. Mama yake mpaka leo akimpita Boutu njiani humsalimu kwa heshima zote, na hajawahi tena kumletea kitu cha kula.

Mwezi wa Juni meli ilileta zinki mbili mpya. Boutu alikuwa ameziba tundu, amefunga kizibo cha plastiki, na asubuhi ile alikuwa akizifungua kwenye karatasi aliposikia mtu anapiga mluzi. Tekaai aliingia na samaki watatu kwenye kamba, akawatundika, akakaa juu ya ndoo. Waliongea habari za upepo. Waliongea habari za mafua. Kisha macho ya Tekaai yakaangukia mezani.

"Shemeji, nina bubuti. Ile nyavu, miamba imenimaliza tena. Hiyo moja inakaa rafuni bure."

Alisema akitabasamu, mikono imenyooshwa, na Boutu aliona kwamba mtu huyu anaomba tu, kama alivyoomba siku zote, kama baba zao walivyoombana. Hakuna kitu kigumu alichowahi kukikata kwa msumeno kilichomshinda kama neno lile.

"Hapana, shemeji."

Tekaai alicheka, akangoja mzaha uishe. Haukuisha. Tabasamu likamtoka taratibu, mikono bado iko hewani haijui iende wapi. Akaishusha. Alimtazama Boutu kitambo, na labda ndipo alipoelewa kwa mara ya kwanza ni jambo gani lake ambalo maneaba nzima ililinyamazia. Akasimama, akajipangusa suruali, akatoka bila kuaga.

Samaki aliwaacha. Boutu aliwatazama wakining'inia pale mlangoni, wabichi, wa mtu aliyenyimwa. Akachukua spana na zinki moja, akaenda kuifunga kwenye boti, na alipomaliza akarudi kuwashusha samaki ampelekee Nei Meere, akamweleze yeye mwenyewe kwamba amemnyima kaka yake.